Ukitaka kuchora mvua, chora lami

Mvua zikishashika huku Mtwara, kuanzia Desemba hivi, oda ninazopata zinafanana: wapenzi wawili, mwavuli mmoja mwekundu, barabara inayong'aa taa. Mteja ananionyesha picha kwenye simu, na mara nyingi ni kazi ya Leonid Afremov, yule mzaliwa wa Vitebsk, Belarus, aliyefariki 2019, aliyependa kupaka rangi nene kwa kisu badala ya brashi. Sina ugomvi na mwavuli. Ugomvi wangu na vijana ninaowafundisha ni ile mistari myeupe wanayoishusha toka juu hadi chini, eti ndiyo mvua.

Chukua mchoro wa Gustave Caillebotte wa mtaa wa Paris siku ya mvua, wa mwaka 1877, ambao sasa uko Chicago. Ni mkubwa: zaidi ya mita 2 kwenda juu, na upana unakaribia 3. Tafuta tone la mvua humo, hulioni. Kuna miavuli, na kuna mawe ya barabara yaliyolowa, kila jiwe na mng'ao wake. (Hata wale wawili walio mbele hawatazamani, kwa hiyo anayefuata mahaba hapo ataambulia patupu.) Camille Pissarro naye alikaa dirishani hotelini mwaka 1897 akauchora mtaa wa Paris uitwao Boulevard Montmartre mara 14, jua, mvua, hadi usiku. Ule wa usiku ni taa na barabara iliyolowa tu, watu ni madoa.

Basi turudi barabarani. Kivuli hufuata jua, lakini taswira ya taa kwenye maji haina habari na jua: inashuka wima chini ya taa yenyewe, ikikujia wewe uliyesimama. Ukiilaza pembeni kama kivuli, mchoro unakataa papo hapo. Na kwa kuwa lami ina chembechembe, taswira inarefuka na kingo zake zinapotea. Mimi hupaka rangi na, ikiwa bado mbichi, napitisha brashi kavu mara moja kushuka, mara moja kukatiza, kisha naweka brashi chini. Ukirudiarudia unavuna tope. Taa ya bajaji iwe nyeupe kabisa. Ile ya kwenye lami ishushe kidogo. Tairi jeusi, kinyume chake, taswira yake majini inapauka.

Tatizo letu ni kwamba ukiacha lami unaingia kwenye mchanga. Mchanga unakunywa maji, hauakisi. Unakoza rangi yake tu. Kinachoakisi ni dimbwi, tena dimbwi lenye udongo, rangi ya chai ya maziwa. Humo anga linaonekana vizuri, lakini kitu cheusi kinageuka rangi ya udongo. Tazama dimbwi lililo miguuni pako: utaona udongo. Tazama la mbali: ni anga tupu. Kwa hiyo madimbwi mawili ya barabara moja hayapakwi rangi moja, na hapo ndipo macho ya mtazamaji yanapoamini kwamba ardhi imelala bapa.

Kwa mazoezi nawapeleka Mikindani, maana zile kuta za zamani za mawe ya matumbawe zikilowa zinatoa kijivu cha kila aina. Nyeusi ya kwenye tyubu waiache nyumbani. Ultramarini, ile bluu iliyokoza, ikichanganywa na kahawia ya siena iliyochomwa inatoa kijivu kizuri zaidi: zidisha bluu upate asubuhi yenye mawingu, zidisha kahawia upate jioni ya taa za vibanda vya chipsi.

Kwa wateja: rangi za mafuta msimu huu zinakauka taratibu kwa sababu ya unyevu, na rangi nene ya kisu ndiyo inayochelewa zaidi. Anayetaka zawadi ya Siku ya Wapendanao aje kabla ya Krismasi. Akija Februari nitamchorea kwa akriliki, rangi inayokauka haraka, na bei ni ileile.