Je, wajua kwa nini gobore hukosa shabaha?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, hukosa shabaha kwa sababu ya ukale wake, na kwamba dawa ni kuongeza baruti. Yote mawili si kweli. Mwaka 1860, huko Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alifyatua bunduki ya Whitworth, nayo ni ya kushindiliwa, ikiwa imefungwa juu ya kitegemeo, na risasi ikatua takriban sentimita 3 kutoka katikati ya shabaha iliyokuwa umbali wa yadi 400, karibu mita 366. Baruti nayo ikizidi mno, huunguza na kuchana kitambaa kinachoizunguka risasi, na risasi zikatawanyika zaidi.

Kitambaa hicho kilichopakwa mafuta ndicho kiini cha jambo. Fikiria ngozi iliyo ndani ya pampu ya baiskeli: ikiwa laini na ina mafuta, hewa yote huingia kwenye tairi, ikikauka au kuchanika, hewa huvuja pembeni na hakuna msukumo unaofanana na uliotangulia. Ndivyo ilivyo ndani ya kasiba, yaani mtutu wa bunduki: gesi ya baruti inapovuja, risasi hutoka polepole, hukaa hewani muda mrefu zaidi na kutua chini ya ile iliyotangulia, ingawa mlengaji hakukosea hata kidogo.

Tatizo huongezwa na masizi. Baruti nyeusi, ambayo kwa kawaida ni shura (aina ya chumvi) asilimia 75, makaa 15 na salfa 10, ikiungua huacha zaidi ya nusu ya uzito wake katika hali ya yabisi. Sehemu huondoka na moshi, sehemu huganda kasibani, na risasi ya tatu huteremka kwa shida kuliko ya kwanza. Kwa hiyo walengaji wengi hupitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, kila baada ya mlio. Mdeki, yaani ufito wa kushindilia, nao huchorwa alama inayolingana na ukingo wa mdomo risasi inapokuwa imekaa juu ya baruti. Alama ikibaki juu ya mdomo, pana nafasi kati ya risasi na baruti, na kasiba inaweza kupasuka.

Kila kasiba ina kipimo chake cha baruti, hivyo mazoezi ndiyo hukitafuta: milio mitano kwa kipimo kilekile, kisha kubadili kitu kimoja tu. Katika gobore la gumegume, yaani linalowashwa kwa cheche za jiwe, ambalo huchelewa kidogo kuwaka, mlengaji hubaki ametulia, jicho kwenye shabaha, mpaka risasi iwe imetoka.