Kuishi katika neema ya Mungu maana yake nini?

Neema ni wema ambao Mungu humtendea mtu asiyestahili. Wengi wetu tukilisikia neno hilo tunawaza msamaha tu: dhambi zimefutwa, basi. Paulo anakwenda mbali zaidi. Katika Tito 2:11-12 anaandika kwamba neema ile ile iokoayo ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya na kuishi kwa kiasi, haki na utauwa (yaani kumcha Mungu), tena katika ulimwengu huu wa sasa. Kuishi katika neema, basi, ni kukubali kufundishwa nayo mpaka mwenendo ubadilike.

Kipi kinatangulia, neema au matendo, ni jambo muhimu sana hapa. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Mstari wa 10 unaongeza papo hapo kwamba tuliumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Mara nyingi tunanukuu ile miwili ya kwanza na kuuacha wa tatu, na hiyo ni hasara kubwa. Anayetanguliza matendo huishi kama kibarua anayehesabu ujira wake mbele za Mungu. Anayeyaacha kabisa anarudia swali la Warumi 6, je, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Paulo anajibu: Hasha!

Mtazame Zakayo katika Luka 19. Yesu alitangaza kwamba atashinda nyumbani mwake kabla huyu mkuu wa watoza ushuru hajarudisha hata senti moja ya watu. Hakumwekea sharti. Baada ya kupokelewa ndipo Zakayo akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimtaka mwenye kukiri kosa la namna hiyo arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu yake ya tano. Zakayo aliipita mbali, na hakuna aliyemshurutisha. Neema ilikuwa imeufikia mfuko wake, mahali ambapo imani ya wengi wetu huchelewa kufika.

Kusamehe ni kugumu zaidi, naona. Katika mfano wa Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, deni kubwa mno, anamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Tusidhani deni hilo la pili lilikuwa dogo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo mwenzake alidaiwa ujira wa siku 100. Yesu hatuambii tujifanye hatukuumizwa. Anatutaka tulitazame deni hilo tukiwa na kumbukumbu ya lile kubwa tulilofutiwa sisi.

Wala mtu habadiliki wote kwa siku moja. Petro alikuwa amehubiri siku ya Pentekoste na kuingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa Mataifa, yaani asiye Myahudi. Hata hivyo, kule Antiokia (Wagalatia 2) alijitenga na Wakristo wa Mataifa aliokuwa akila nao, kwa kuwaogopa watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Paulo alimkemea mbele ya wote, kwa kuwa mwenendo ule haukuendana na Injili. Alikemewa kweli, lakini hatusomi popote kwamba alivuliwa utume kwa ajili ya hilo.