"Tungoje mkataba ufe, tununue bila kamisheni": dhana potofu na ukweli

Juzi tena mnunuzi kaniomba yale yale: nimtafutie nyumba ambazo mkataba wa dalali unakaribia kuisha, angoje, kisha amwendee mwenye nyumba mwenyewe. Nimechoka kulieleza kwa mdomo.

Dhana: Mkataba ukiisha, kamisheni imekufa.

Ukweli: Haijafa. Mikataba mingi kati ya mwenye nyumba na dalali wake hapa Marekani ina kifungu cha kumlinda dalali. Kwa muda uliokubaliwa baada ya mkataba kuisha, nyumba ikinunuliwa na mtu aliyeletwa na dalali wakati mkataba ungali hai, mwenye nyumba bado anadaiwa kamisheni. Dalali makini humkabidhi mwenye nyumba orodha ya majina ya watu hao kwa maandishi. Wewe ulikwenda kuitazama, ukaandika jina mlangoni, ukafungua kabati zote za jikoni, unadhani hukuonekana? Mwenye nyumba anayekijua kifungu hicho hakupunguzii hata senti, maana hana alichookoa. Kwa kawaida kifungu kinamwachia huru pale tu anaposaini na dalali mwingine, na huyo naye ana kamisheni yake. Wakati wewe unahesabu siku, mwenzio anapeleka ofa. Mimi nasema hivi: nyumba ukiipenda, peleka ofa mkataba ukiwa hai. Dalali anayeona siku zinamwishia ndiye atakayembembeleza mteja wake aisikilize.

Dhana: Tarehe ya mwisho imo kwenye tangazo.

Ukweli: Haimo. Mimi mwenyewe kwenye MLS, hifadhi ya pamoja ya matangazo tunayotumia madalali, naona siku nyumba ilizokaa sokoni. Tarehe ya mkataba kuisha kwa kawaida anaiona dalali mwenye tangazo na ofisi yake. Mikataba ya miezi 3 au 6 ni ya kawaida, kwa hiyo nyumba yenye siku 170 inatia shaka kwamba mkataba wake unakaribia kuisha. Lakini ni kubahatisha tu, kwani mkataba huongezwa kimya kimya.

Dhana: Basi mpigie mwenye nyumba umuulize.

Ukweli: Sipigi. Ibara ya 16 ya kanuni za maadili za NAR, chama cha kitaifa cha madalali wa nyumba Marekani, inatutaka wanachama tuzungumze na dalali wa muuzaji, tusimzunguke. Namuuliza yeye. Akitaka atasema.

Dhana: Nyumba iliyoondolewa sokoni haina tena dalali.

Ukweli: Mara nyingi mkataba ungalipo, imefichwa tu, pengine kwa ukarabati au ugonjwa nyumbani. Usiende kubisha hodi.