Gunia la omena Mwaloni

Juzi asubuhi nilikuwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Mfanyabiashara aliyetoka upande wa Kisumu alichota dagaa kiganjani, akawanusa, akauliza, "Mama, hii omena gunia moja ni pesa ngapi?" Mama hakukimbilia bei. "Dagaa hao, baba. Hela yako tu." Wakacheka, wakaanza kuvutana bei.

Mimi nafundisha isimu, kwa hiyo masikio yangu yalinasa kwenye "hela" na "pesa".

Samaki ni yuleyule. Kwetu ni dagaa, kwa Wajaluo ni omena, Waganda humwita mukene. Hayo ni ya lugha za wenyeji, tusimsingizie mkoloni. Hela ndiyo yenye alama za mkoloni. Mwaka 1904 Wajerumani walileta sarafu ya Heller, 100 kwa rupia moja. Sarafu ilikufa, jina likabaki upande wetu. Kisumu ukisema hela watakuelewa, ila watajua umetokea wapi. Mstari wenyewe wa mpaka kati yetu na Kenya ulichorwa 1886 na Waingereza na Wajerumani, kutoka Mto Umba pwani hadi ukingo wa Ziwa Victoria; 1890 wakauendeleza juu ya maji, digrii 1 kusini mwa ikweta, kana kwamba dagaa huwa wanatazama ramani. Shule nayo ni Schule ya Mjerumani, na Zanzibar, asikotawala, mpaka leo utasikia skuli. Lakini shule iliuvuka mpaka, Wakenya wanaitumia kila siku. Maneno hayana nidhamu.

Mjerumani aliendesha ofisi zake kwa Kiswahili, kupitia maakida, yaani watawala wadogo aliowateua, na makarani, hivyo kwa Msukuma au Mkerewe lugha hiyo ilinukia bomani, kwenye ofisi ya serikali. Na Mwanza bado ilitazama kaskazini: mizigo ilipakiwa melini hadi Kisumu, ikapanda reli kwenda Mombasa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika hapa, tukageuzwa kutazama Dar es Salaam. Mwaka huohuo, huko Mombasa, mkutano ukaamua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 kamati ya kukisimamia ikaanza kazi.

Hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi. Kiunguja kilikuwa lahaja moja kati ya nyingi. Kilipofanywa rula, sisi wa bara tukawa watu wa "kuharibu" lugha. Nilipokuwa mwanafunzi nilikatwa alama kwa kuandika ng'w palipotakiwa mw. Sikuwa mzembe: mw ya Kiswahili, kwa Kisukuma mara nyingi ni ng'w. Mwana ni ng'wana. Yule mganga maarufu aliyewekwa kizuizini na Wajerumani, vitabu vya Kiswahili humwita Mwanamalundi. Nyumbani kwetu ni Ng'wanamalundi.

Hata jina Wasukuma tumelipata kwa jirani: sukuma ni kaskazini, na Wanyamwezi ndio walioko kusini yetu.

Yule wa Kisumu aliondoka na magunia matatu. Wakati vijana wanayapakia nilimsikia akiwahimiza, "Haraka na hiyo dagaa!"