Kisukari aina ya pili: yanayoaminiwa katika jamii mbalimbali, na ukweli wake

Kisukari aina ya pili hutambuliwa kwa namba zilezile kila mahali: sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi baada ya kukaa saa nane bila kula, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) ya asilimia 6.5 na kuendelea. Kinachobadilika ni jinsi watu wanavyouelewa ugonjwa wenyewe: umetoka wapi, nani wa kulaumiwa, na sindano ya insulini, homoni inayoshusha sukari, inaashiria nini. Tena tusidhani dhana potofu ziko kwa wagonjwa peke yao. Watoa huduma nao wanazo, na mojawapo ndiyo hii ya kwanza.

Dhana: Ni ugonjwa wa wanene, mwembamba hana haja ya kupima

Mafuta yanayodhuru zaidi ni yale yaliyojikusanya tumboni, ndani ya ini na kwenye kongosho, na mtu anaweza kuwa nayo huku mikono na miguu ni myembamba. Watu wenye asili ya Asia hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walipendekeza kwamba kwa watu hao hatua zianze kuchukuliwa BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ikifika 23, wasisubiri 25. Mhudumu anayetumia 25 kwa kila mtu humrudisha nyumbani bila kipimo mtu aliyepaswa kupimwa siku hiyohiyo.

Kuna upande wa pili. Ziko jamii ambako unene ni dalili ya kushiba na kuheshimika, na anayekonda husemwa kuwa ana UKIMWI. Huko, kumwambia mgonjwa "punguza uzito" halafu kunyamaza ni kumtakia fedheha, na hatakusikiliza. Mpe hesabu. Katika utafiti mkubwa wa kinga uliochapishwa Marekani mwaka 2002, watu waliokuwa hatarini walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na uwezekano wao wa kupata kisukari ukashuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 86, asilimia 7 ni kilo 6. Kilo sita zinazopungua taratibu hazimfanyi mtu aonekane mgonjwa.

Dhana: Kiko kwenye damu ya watu wetu, hakuna la kufanya

Wapima ni kabila la wenyeji asilia wa Amerika; wale wa Arizona, Marekani, na wale wa Maycoba, Meksiko, wana nasaba ya karibu sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya watu wazima wa Arizona, lakini asilimia 6.9 tu kwa wale wa Maycoba, waliokuwa bado wakiishi kwa kilimo na kazi nyingi za mikono. Kurithi kunaongeza uwezekano, ila mazingira na mwenendo wa maisha vina uzito mkubwa mno kupuuzwa.

Dhana: Nilikipata kwa sababu ya mshtuko

Watu wengi wenye asili ya Meksiko huamini kwamba hofu kali ya ghafla, wanayoiita *susto*, huleta kisukari, na imani inayofanana nayo inapatikana kwingineko. Isichekwe. Mshtuko humwaga adrenalini na kotisoli, homoni zinazopandisha sukari, kwa hiyo kipimo kilichofanyika siku za msiba kinaweza kweli kuwa juu. Lakini ugonjwa wenyewe hujengeka kwa miaka: mwili huwa sugu kwa insulini, na kongosho huchoka kidogokidogo kabla ya dalili yoyote kuonekana. Hatari ni kwamba anayeamini chanzo ni mshtuko huacha dawa moyo wake ukitulia. Muulize mapema, "Wewe unadhani kimetokana na nini?" Swali hilo ni miongoni mwa yale ambayo daktari Arthur Kleinman na wenzake waliyapendekeza mwaka 1978, na hadi leo hatujaona linalofungua mazungumzo vizuri kulishinda.

Dhana: Insulini ndiyo mwisho; ukianza sindano unapofuka au unakatwa mguu

Hii ndiyo inayotutia uchungu kuliko zote, maana waliodanganyika wameona kwa macho yao. Ndugu alikaa miaka kumi na sukari ya juu, akaanzishwa sindano, mwaka uliofuata akapoteza macho. Sindano ikabeba lawama. Kilichoharibu mishipa midogo ya macho na neva za miguu ni ile miaka kumi. Na daktari anayemtishia mgonjwa, "usipofuata masharti nitakuweka kwenye sindano," huikoleza imani hiyohiyo.

Kwa kawaida mtu mzima huanzishwa uniti 10 za insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku, kisha kipimo huongezwa kidogokidogo kwa kufuata sukari ya asubuhi kabla ya kula. Yanayoharibika mara nyingi ni mambo madogo. Mtu akichoma palepale kila siku, hutokea vinundu laini chini ya ngozi. Insulini ikiingizwa humo hufyonzwa ovyo na sukari huyumba. Sogeza upana wa kidole kila unapochoma. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hutumika siku 28 ikiwa mbali na joto na jua.

Dhana: Kichungu hukata utamu, na cha asili hakidhuru

Uchungu hausafishi sukari iliyoko kwenye damu. Asali nayo ni sukari kwa takriban asilimia 80. Hata hivyo mimea si upuuzi: metformini, kidonge cha kisukari, ilitokana na utafiti wa kemikali za mmea uitwao *Galega officinalis*, na daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Tofauti ni kwamba kipimo cha kidonge kinajulikana. Baadhi ya "dawa za asili" zimewahi kukamatwa zikiwa zimechanganywa kwa siri na glibenklamidi, dawa ya kisukari ya hospitali ambayo hushusha sukari kwa nguvu. Ukiona jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa gramu 15 za sukari (vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji), subiri dakika 15, pima tena. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Dhana: Kupima sukari hubatilisha saumu

Kutoboa kidole hakufunguzi. Huo ndio msimamo wa wanazuoni walioshirikiana na madaktari kuandaa miongozo ya kisukari na Ramadhani. Aliyeacha kupima kwa hofu hiyo ndiye anayeanguka alasiri. Muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, maana dawa hupangwa upya. Anayemeza metformini mara tatu kwa siku kwa kawaida huunganisha ya mchana na ya jioni wakati wa kufuturu, na ya asubuhi humeza wakati wa daku. Dawa za kundi la glibenklamidi kwa kawaida hupunguzwa wakati wa daku, kwa kuwa ndizo zinazoiangusha sukari mchana. Fungua mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7, hata kama imebaki nusu saa jua lizame. Mwenye figo zilizoathirika sana, au aliyezidiwa na sukari kushuka ndani ya miezi mitatu iliyotangulia, hushauriwa asifunge. Sheria ya dini imempa ruhusa, na kama hatarajii kupona atatoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku aliyokula.