Kurasa zinazotazamana si karatasi moja

Juma hili huyu ni mteja wa tatu kuniletea kosa hilo hapa ninapochapa. Mama mmoja wa kwaya, kutoka Kadutu, amekuja na flashi yenye kitabu cha nyimbo cha kurasa 16. PDF ameitoa mbili mbili: 2 na 3 pamoja, 4 na 5 pamoja, hadi mwisho. "Papa, nimeshakurahisishia. Wewe chapa, kunja, piga pini." Hapana, Mama. Hapo umeniongezea kazi ya kuzitenganisha zote.

Kati ya dhana zote ninazozisikia hapa Bukavu, hii ndiyo inayonichosha zaidi: kwamba kurasa zinazotazamana kwenye skrini hukaa kwenye karatasi moja. Zinatazamana kwa msomaji. Kwenye mashine, kila ukurasa una jirani mwingine kabisa. Chukua karatasi nne za A4, zipange, zikunje katikati kwa pamoja, kisha andika namba kwa kalamu kuanzia mbele, 1 hadi 16. Sasa zifungue. Karatasi ya nje ina 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma yake 4 na 13. Jumlisha jozi yoyote, utapata 17. Kitabu cha kurasa 20 kitakupa 21. Wateja huwa hawaniamini mpaka wazishike karatasi wenyewe, ndiyo maana rundo la karatasi chakavu halikosi mezani kwangu.

Yule Mama alikuwa ametandaza picha ya kwaya nzima kwenye kurasa za 4 na 5. Ya 4 iko karatasi ya pili, ya 5 iko ya tatu. Mkunjo ukipotoka milimita moja tu, mwimbaji aliyesimama katikati anapasuka uso: jicho moja juu, jingine chini. Rangi nazo zaweza kupishana, maana nusu mbili hizo hazikupita mashineni pamoja. Tukaihamishia picha kurasa za 8 na 9, pale katikati, mahali pekee katika kijitabu cha pini ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja kweli. Hata pale nilimwomba asogeze picha kidogo, pini zisipite kwenye uso wa mtu.

Basi leteni PDF ukurasa mmoja mmoja, kwa mfuatano wa kusoma. Kuzipanga kwa ajili ya mashine ni kazi ya mchapaji.

Dhana nyingine za wateja ni hizi. "Ukurasa wa 1 umebaki peke yake kulia, programu imekosea." Haijakosea. Fungua kitabu chochote cha lugha yetu: namba witiri (1, 3, 5) kulia, shufwa (2, 4, 6) kushoto. Ukiusukuma kushoto ili kujaza nafasi, pambizo, yaani nafasi tupu za pembeni, zinageuka. Ile pana ya kwenye mgongo inatoka nje, na namba inajificha mkunjoni.

"Ukurasa mtupu hauhesabiwi." Unahesabiwa. Ficha namba yake, usifute ukurasa. Mwanafunzi mmoja alifuta mmoja tu, kabla ya sura ya pili, usiku wa kuamkia siku ya kuchapa. Sura zote zilizofuata, ambazo alikuwa amezianzisha kulia, zikaangukia kushoto, na kwa kuwa namba alizichapa kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa, ikabidi azirudie zote pamoja na orodha ya yaliyomo. Programu ina alama ya namba inayojihesabu yenyewe. Itumieni, tafadhali.

"Kurasa 18 zinatosha." Kwa kijitabu cha pini, ni 16 au 20. Karatasi iliyokunjwa mara moja hutoa kurasa nne, wala haitoi mbili. Zinazobaki zipigwe mistari tu, kwaya itaandika humo nyimbo mpya.

Na kwa kazi ya chuo inayochapwa upande mmoja wa karatasi, kwenye programu ondoa kabisa mpangilio wa kurasa zinazotazamana. Pambizo pana ibaki kushoto, kila ukurasa, kwa sababu mgongo uko upande huo mwanzo hadi mwisho.