Rangi ya ndani: wapi ing'ae, wapi ising'ae

Wateja wangu wengi hapa Tanga wakinipigia simu huanza na rangi yenyewe: krimu, bluu bahari, au nyeupe ya maziwa. Mimi huwauliza kwanza kuhusu ukuta. Ni wa tofali au wa mawe ya zamani? Jua la jioni linaupiga? Nani anaushikashika? Majibu hayo ndiyo yanayoniambia ninunue mati isiyong'aa, silki inayong'aa kidogo, au glosi inayong'aa sana. Hapo ndipo pesa nyingi za watu hupotea, kwa kuamini kwamba kinachong'aa ndicho bora. "Fundi, nataka mgeni akiingia ajione ukutani," aliniambia mama mmoja wa Chumbageni. Nilimwelewa, lakini ukuta wake ulikuwa na plasta tupu isiyopigwa skimu, yaani lile tabaka jembamba la kusawazisha, na dirisha liko ubavuni. Glosi ingeanika kila alama ya mwiko.

Siri iko ndani ya ndoo. Mna unga unaoleta rangi na kuficha ukuta, na mna gundi inayoushika unga huo. Gundi ikiwa nyingi, rangi ikikauka hujifunga, hung'aa, na uchafu hufutika. Unga ukiwa mwingi, uso hubaki na vinyweleo. Mwanga ukiugusa hutawanyika, kwa hiyo kasoro hazionekani, ila doa nalo likiingia halitoki kirahisi.

Dari, basi, ni mati, sina mjadala. Maungio ya jipsam hayasameheki chini ya mng'ao. Chumba cha kulala pia mati kinatosha. Sebuleni naweka silki kama ukuta umepigwa skimu na msasa vizuri, na nahakiki usiku kwa tochi iliyolazwa ubavuni mwa ukuta: mabonde yote hujitokeza, nayajaza puti kabla ya kupaka.

Ukumbi wa nyumba ya Kiswahili, kama zile za Ngamiani, unataka akili zaidi. Unakata nyumba katikati toka barazani hadi uani, na kila kitu kinapita humo: baiskeli, ndoo za maji, watoto wanaoburuza viganja ukutani. Mati hapo haimalizi mwaka bila kuchafuka. Mimi hupaka rangi ya mafuta iliyokolea kutoka chini hadi usawa wa kifua, juu yake silki nyepesi. Wapo wanaosema huo ni mtindo wa zahanati. Mimi naupenda, na wenye nyumba huupenda zaidi wakishaona kitambaa chenye sabuni kinavyotosha. Jiko na bafu ni silki au glosi, lakini fangasi waliopo waoshwe kwanza kwa maji ya jiki na ukuta ukauke. Ukiwafunika tu, watarudi.

Ninalosisitiza kuliko yote ni kuta za zamani za mawe na chokaa. Nyingi hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi, kwa hiyo maji hupanda toka ardhini yakibeba chumvi, hasa masika. Ukuta wa namna hiyo lazima upumue. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, maji hukosa njia, rangi hutoka mapovu, kisha hubambuka pamoja na plasta. Upakwe chokaa, na hata ukichafuka, chokaa hurudiwa kwa gharama ndogo. Kama huna uhakika na ukuta wako, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiangalie kesho yake. Matone yakiwa upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani, usipake bado.

Plasta mpya ya saruji nayo isubiri wiki nne hivi. Ikiwa mbichi ina ukali unaoila rangi ya mafuta na kuigeuza sabuni, na hakuna fundi atakayeiokoa.

Milango na nondo za madirisha ni glosi tu, kwa sababu upepo wa bahari una chumvi na chuma hakivumilii. Piga msasa, paka praima ya kuzuia kutu hata kama chuma ni kipya, ndipo glosi ifuate. Ianze umande ukishakauka na imalizike mapema alasiri, kwani ikikutwa mbichi na unyevu wa usiku mng'ao wake hufifia.